Barabara ya Ukutani

Baada ya mume wangu kufariki, watu walidhani ningefunga karakana. Tulikuwa tumetengeneza vibao pamoja kwa miaka mingi, yeye akikata na kuranda mbao, mimi nikichora, nikichonga herufi na kupaka rangi. Hoteli kadhaa za ufukweni hapa Gisenyi bado zina vibao vyetu mlangoni. Sikufunga. Niliendelea kufungua kila asubuhi kwa sababu nyumbani kwangu, Nengo, hapakuwa na mtu.

Kijana wetu wa pekee anafanya kazi Ulaya. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada, tunaulizana baridi ikoje huko na mvua ikoje huku, kisha ananiambia nijitunze. Majirani zangu ni watu wema, lakini maisha yao ni ya Kinyarwanda, na Kinyarwanda changu kina lafudhi ya Karagwe, nilikozaliwa wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Nimeishi hapa zaidi ya nusu ya umri wangu na sokoni bado wananiita Mutanzania. Hawaniiti kwa ubaya. Ila mume wangu naye alikulia huko huko, na sisi wawili ndani ya nyumba tulizungumza Kiswahili chetu, tukagombana kwacho, tukasali kwacho. Alipoondoka, sikubaki na wa kuzungumza naye namna ile. Kuna siku nilijikuta naliambia sufuria kwamba chumvi imezidi.

Nilikuwa katika hali hiyo mwalimu mkuu wa shule moja ya chekechea alipoingia karakanani. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, aliyerudi kutoka Kongo na kuja na Kiswahili cha huko, chenye Kifaransa ndani yake.

"Mama, nasikia ni we unatengenezaka bibao," alisema. "Bon. Mi niko na batoto wadogo habaone. Bengine wanaona kidogo tu. Nataka bibao kwa milango, donc wajue hapa ni darasa, hapa ni kwa kula, hapa ni toilette. Kila mara wanatuita tuwashike mukono. Utaweza?"

Nilimjibu nitaweza. Sikuwahi kufanya kazi ya namna hiyo, lakini niliona kibao ni kibao. Akanipa karatasi yenye alfabeti ya nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, na kwa wiki nzima nilikaa nikigonga nukta kwenye mabati membamba ya alumini. Niliyang'arisha, nikayafunga kwenye fremu za mninga nilizopaka vanishi. Vilikuwa vibao vizuri. Ningeweza kuviuza hotelini.

Tulivifunga karibu na milango, mahali ambapo mkono wangu ulifika kwa urahisi. Mwalimu mkuu alipiga makofi. Kisha akamleta mtoto mmoja, akamnyanyua kidogo, akauweka mkono wake kwenye kibao cha darasa. Mtoto akaondoa mkono haraka.

"Iko baridi," alisema, akashuka na kwenda zake.

Hakuna mtoto mwingine aliyevigusa tena. Wote walikuwa kati ya miaka mitatu na sita, hawajajifunza kusoma, na vibao vilikuwa juu ya vichwa vyao. Walimu walikuwa na adabu sana, hawakusema kitu. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuja kukaa barazani asubuhi chache, nitazame tu. Akacheka kwamba mimi ndiye fundi wa kwanza kuomba kufanya kazi ya kukaa. Lakini aliniletea kiti.

Shule ile ni jengo refu lenye baraza mbele, na mwisho wa baraza kuna ngazi za kushukia uani, ambako kuna bembea. Ua umezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano kama nyua nyingi za kwetu. Nilipokaa pale niligundua kwamba watoto wana njia yao tayari. Walitembea wakiburuza migongo ya vidole ukutani, chini, usawa wa kiuno chao. Rangi ya ukuta ilikuwa imechakaa mstari mzima kwa mikono yao, na mimi nilikuwa nimeupita mstari huo mara ngapi nikibeba vibao vyangu. Walijua jikoni kwa harufu ya maharage na darasa kwa mwangwi. Mahali walipopotea ni palipokosa harufu na mwangwi: katikati ya baraza, na pale karibu na ngazi, ambako mwalimu mmoja alisimama muda wote wa mapumziko akiwa amenyoosha mikono kama golikipa.

Siku hizo ndipo nilipomwona yule msichana.

Alikuwa na miaka mitano hivi, haoni kabisa. Bibi yake alimleta asubuhi kwa gari la abiria kutoka Rubona, akamketisha kwenye benchi la barazani karibu na geti, akamgusa kichwa, akaondoka. Pale alipoketishwa ndipo alipobaki. Wenzake walipoitwa darasani, mwalimu alimshika mkono akaenda, na somo lilipokwisha aliomba arudishwe kwenye benchi. Wakati wa mapumziko, wengine wakipiga kelele na kugongana, yeye alikaa wima, mikono yote miwili imeshika ukingo wa benchi, uso umeelekea getini. Hakulia wala kunung'unika. Walimu walishamzoea.

"Anakaaka tu hivi," mmoja wao aliniambia. "Haina shida. Ni mutoto mutulivu."

Nilimtazama zaidi ya nilivyowatazama wengine. Nadhani nilijua kukaa kule. Mimi pia nilikuwa na kiti changu nyumbani, karibu na dirisha, ambacho nikikikalia jioni sikuinuka mpaka wakati wa kulala.

Ilinijia kwamba siwezi kutengeneza kitu cha mikono huku nikikifikiria kwa macho. Alasiri moja mvua ilinizuia kwenda karakanani. Nikachukua kitambaa cha kichwa, nikajifunga macho, nikaanza kutembea ndani ya nyumba yangu. Nilijiona mjinga. Nilitoka kitini, nikatafuta ukuta kwa mgongo wa mkono kama watoto, nikaufuata. Meza niliijua kwa goti. Mlango wa jikoni niliujua kwa upepo. Kisha katika ushoroba mkono wangu ukazama kwenye kitu laini na kizito, na kabla sijafikiri nilikuwa nimekwishasema, "Samahani, baba," kama mtu aliyempamia mwenzake njiani.

Lilikuwa koti la mume wangu. Lilikuwa limening'inia pale kwenye msumari tangu alipolivua mara ya mwisho, na kila siku nilipita mbele yake bila kuliona, kwa sababu macho yanajifunza kuruka. Mkono haukuwa umejifunza. Kola ilikuwa bado na ule ugumu mdogo mahali aliposhonea mwenyewe kwa uzi usiofaa. Kwenye mfuko kulikuwa na kipande cha msasa kilichokunjwa, maana alikuwa na tabia ya kutembea na msasa kama wengine wanavyotembea na leso. Nilisimama pale nimejifunga macho nikasikiliza mvua ikipiga bati. Sikulia sana. Nilivua kitambaa, nikapika chai, na kikombe kilipokwisha nilikuwa najua nitakachotengeneza.

Nilirudi shuleni nikamwambia mwalimu mkuu avitoe vile vibao vya alumini, nami nitafanya upya bila malipo ya ziada.

"Mama, lakini ni bizuri!" alisema.

"Ni vizuri kwako na kwangu," nikamjibu. "Tunaona."

Alinitazama kidogo. "Bon," akasema. "Endelea."

Nilitengeneza utepe wa mbao, upana wa kiganja cha mtoto, uliopita ukutani kwa urefu wote wa baraza na kuingia vyumbani, usawa wa viuno vyao. Niliusugua kwa msasa mzito, kisha mwepesi, kisha mwepesi zaidi, mpaka ningeweza kupitisha shavu langu juu yake. Niliupaka rangi ya manjano iliyoiva, kwa ajili ya wale wenye uoni hafifu, maana ukuta ulikuwa wa bluu na manjano ilijitokeza vizuri. Kwenye kila mlango utepe uliishia kwenye kitu. Chumba cha kulia kilipata kijiko halisi cha mbao. Chumba cha kupumzikia kilipata kipande cha blanketi. Darasa lilipata shanga kubwa zilizopangwa kwenye waya, ambazo waliweza kuzizungusha, na walizizungusha mno. Chooni niliweka kipande cha kitu kama sifongo kinachotumika kuogea. Kuelekea kwenye ngazi, utepe laini ulibadilika ghafla ukawa kokoto za volkano nilizozigandisha kwa gundi, za kukwaruza na kali kidogo, zisizokata lakini zisizopendeza. Maana yake ilikuwa simama. Hawakuhitaji maelezo mengi. Hakuna aliyetaka kuendelea kuzipapasa.

Wakati nikifunga vipande hivyo, kikapu changu cha vifaa nilikiweka karibu na lile benchi, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli. Siku moja nilisikia vitu vikisogezwa. Yule msichana alikuwa ameachia mkono mmoja kwenye benchi, ameutumbukiza kikapuni, anashika randa.

"Hiyo ina meno chini," nikamwambia. "Shika juu."

Akasita. Kisha akasema, "We unaongea kama radio."

Nilicheka. Ilikuwa muda mrefu tangu nicheke mchana. "Ndivyo tunavyoongea kwetu," nikasema.

"Kwenu iko wapi?"

Swali hilo watu wazima wamewahi kuniuliza mara nyingi, na nina jibu fupi na jibu refu. "Hapa hapa," nikamwambia. "Nengo."

"Hapana," akasema kwa uhakika. "Ku Nengo habaongeake hivyo." Akaishika randa juu kama nilivyomwambia. "We uko nani?"

"Mimi ni fundi."

"Fundi ya nini?"

"Ya milango."

Akafikiri. "Milango iko na fundi?"

Tangu siku hiyo nilikuwa nikimpa kila kipande akipitishe mikononi kabla sijakifunga. Blanketi alilikubali. Kokoto alizikataa, akasema zinauma kama ndevu za mjomba wake. Kijiko alikinusa akasema hakijawahi kupika. Hakuwa mtulivu hata kidogo. Alikuwa na maneno mengi ya kuchekesha, ila alikuwa akiyasema akiwa ameketi, na mkono mmoja haukuachia benchi.

Utepe ulipokamilika, watoto wengine waliuchukua ndani ya siku chache tu. Waliuita barabara. Nilisikia, "Toka kwa barabara yangu!" na "Barabara imefika kwa kijiko!" Yule mwalimu aliyesimama kama golikipa alianza kukaa kidogo. Mwalimu mkuu alinishika mabega na kunitikisa kwa furaha. Na katikati ya kelele zile zote yule msichana alikuwa benchini, uso umeelekea getini.

Nilikwenda nikaketi karibu naye.

"Wanakimbia," alisema.

"Ndiyo. Wanafuata barabara."

"Inaenda wapi?"

"Darasani. Kwa kijiko. Chooni. Na kule mpaka karibu na bembea."

"Na kwa tate?"

Tate ndivyo alivyomwita bibi yake.

"Tate atakuja hapa mchana kukuchukua, kama kila siku," nikasema.

"Njo maana siwezi kutoka," akanijibu taratibu, kama mtu anayemfafanulia mwenzake asiyeelewa haraka. "Nikitoka, tate atafika, atanikosa."

Kwa wiki zote zile nilikuwa nimefikiria jinsi mtoto atakavyokwenda. Sikufikiria hata mara moja kama ataweza kurudi na kukuta mtu.

Bibi yake alipofika mchana nilimweleza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mgongo ulioinama kidogo kwa kubeba ndoo za samaki, na alinisikiliza akiwa amesimama kama anayetaka kuwahi gari. Nilipomaliza akaketi.

"Ayi, Mana yanjye," alisema, akimwita Mungu wake. "Mama, ni mi nilimukataza."

Akanisimulia. Mtoto alipokuwa mdogo zaidi, alimketisha juu ya gunia pale bandarini Rubona wakati akinunua sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi. Aliporudi, gunia lilikuwa tupu. Mtoto alikuwa amefuata harufu ya mtu anayekaanga maandazi, akaingia katikati ya watu na mizigo, hatua chache kutoka kwenye maji. Walimpata haraka, lakini bibi alikuwa amekwishapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Nilimupiga," alisema. "Mara moja tu. Nikamwambia, mahali nakuweka, njo pale utakaa mpaka nirudi. Mama yake alimuacha kwangu, siwezi mupoteza. Tangu siku ile anasikia. Nilifikiri ni adabu."

Alitazama mikono yake. Nikamwomba kitu: kama ana kitenge cha zamani, ambacho mtoto anakijua. Alielewa mara moja. Kesho yake alileta kipande cha nguo iliyofifia, iliyolainika kwa kufuliwa, ile aliyombebea mgongoni. Nilikigongomelea chini ya ukingo wa benchi, mahali mkono wa mtoto ulipokuwa ukishika siku zote, na nikaongeza utepe wa mbao kutoka ukutani mpaka kwenye benchi. Mwalimu mkuu alikuwa na wasiwasi.

"Barabara isifike kwa geti," alisema. "Kwa geti hapana, mama. Moto zinapita pale nje."

"Haifiki getini kwenye pikipiki. Inaishia kwenye benchi."

"Na huyu tate atafanya nini?"

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Nilimwomba bibi awahi siku moja, afike kabla ya muda wake, aketi kwenye benchi na asimwite mtoto. Amngoje. Hata kama mtoto atachelewa, hata kama atasimama njiani, asiinuke. Yeye ndiye angekuwa amewekwa pale.

Alikuja siku hiyo akiwa amevaa vizuri kama anayekwenda kanisani. Aliketi. Ndani ya darasa mwalimu akamwambia msichana, "Tate amefika. Iko kwa benchi. Barabara itakufikisha." Akauweka mkono wake kwenye shanga za mlangoni, akauachia.

Mimi nilisimama uani. Nilimwona akitokea mlangoni, akasimama muda mrefu. Watoto wengine walikuwa wakila, baraza ilikuwa tupu. Vidole vyake vilikuwa kwenye mbao ya manjano, na nikaona vile vifundo vidogo vya vidole vikibadilika rangi kwa jinsi alivyobonyeza. Akapiga hatua. Akasimama. Benchini, bibi yake alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mtoto akaenda tena, akafika kwenye kijiko, akakigusa, akasema peke yake, "Kijiko." Akaendelea. Pale utepe unapogawanyika, upande mmoja kwenda kwenye ngazi na mwingine kwenda kwenye benchi, alichukua upande mbaya. Mwili wangu wote ulijisukuma mbele, na mwalimu mkuu aliyekuwa karibu nami akanishika mkono. Vidole vya mtoto viligusa kokoto. Akavirudisha kama aliyeungua, akasema kwa hasira, "Ndevu!" kisha akarudi nyuma, akapapasa, akapata mbao laini, akaifuata mpaka mwisho.

Mkono wake ukakuta kitambaa. Akakifinya. Kisha ukapanda, ukakuta goti.

"Tate? Uko?"

"Niko," bibi akasema.

"Ulikuwa unaningoja?"

"Nilikuwa nakungoja."

Nilidhani atamkumbatia. Alisimama tu pale akipumua, kisha akasema, "Ngoja tena," akageuka, akashika barabara na kurudi alikotoka. Alifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba gari lao la kurudi Rubona liliwapita, na bibi hakujali.

Jioni nilifunga karakana nikatembea kuelekea nyumbani. Nilikuwa na habari kubwa na sikuwa na wa kumpa. Nakumbuka nilipita kwa muuza maandazi ambaye sikuwa na haja naye, nikanunua, nikaanza kumwambia kwa Kinyarwanda changu kibovu kwamba leo mtoto fulani ametembea. Alinitazama kwa huruma, akadhani ni mjukuu wangu. Aliniombea baraka. Jumapili nilimsimulia kijana wangu kwenye simu. Nilimweleza yote, kokoto, kitenge, "Ngoja tena." Mtandao ulikuwa ukikatika. "Safi sana, mama," alisema. "Kumbe umefungua kazi mpya." Niligundua kwamba hakusikia sehemu ya katikati, na sikuwa na nguvu ya kuanza tena. Mume wangu angetaka kujua nilitumia gundi gani.

Msichana alitembea mwaka mzima uliobaki. Nilikuwa nikipita shuleni kurekebisha hiki na kile, maana mikono ya watoto inakula rangi kuliko mvua, na mara nyingine nilibuni kasoro ambayo haikuwepo ili nipate sababu. Alikuwa akinijua kwa harufu ya vanishi. "Radio imefika," alikuwa akiwatangazia wenzake. Aliwafundisha wadogo barabara kwa ukali wa askari. Aligombana na wote. Mpishi alilalamika kwamba sasa anaingia jikoni kila wakati kuuliza kinachopikwa.

Kisha akafikisha umri wa shule ya msingi. Hapa mjini hapakuwa na nafasi ya mtoto kama yeye, na ikapatikana nafasi katika shule ya bweni ya watoto wasioona, mbali, upande mwingine wa nchi. Kila mtu alifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Bibi alikuja karakanani siku chache kabla ya safari. Aliniomba nimtengenezee mtoto kitu kidogo cha kufunga kwenye kitanda chake huko, akijue kati ya vitanda vya wengine. Alikuwa amekuja na kipande kingine cha nguo ile ile. Sasa hakikubaki kingi. Nilikifunga kwenye kibao kidogo cha manjano, nikakisugua kingo mpaka zikawa mviringo. Bibi akauliza nataka nini. Nikamwambia aniletee sambaza siku moja.

Nilipanga kwenda kituoni kuwaaga. Asubuhi hiyo mteja wa hoteli alinichelewesha kwa mambo ya rangi, na nilipofika basi lilikuwa limekwishaondoka. Nilisimama pale kituoni kama mtu anayesubiri basi, mpaka kondakta akaniuliza ninakwenda wapi.

Miezi ikapita bila sambaza, nikaelewa kwamba bibi haji tena mjini. Hakuwa na mtoto wa kuleta. Alhamisi moja nilipanda gari nikashuka Rubona. Harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia ilikuwa nzito hewani. Niliulizia nyumba yake kwa wanawake wa samaki wakanielekeza. Nilimkuta ameketi mlangoni akimenya viazi vichache sana, vya mtu mmoja.

"Yewe, Mama Fundi," alisema, akaanza kuinuka. Nikamwambia asiinuke.

Nilichukua kisu cha pili, nikamsaidia. Aliniambia mtoto anapiga simu kwa simu ya mwalimu. Hapendi chakula cha huko. Ana rafiki mmoja. Siku ya kwanza alizunguka bweni lote akipapasa kuta, akawauliza walimu barabara yao iko wapi, nao hawakumwelewa.

"Alilia?" nikauliza.

"Anasema hapana." Akaweka kiazi ndani ya maji. "Lakini huyu mutoto anasemaka uongo akitaka nisilale na roho mbaya."

Tulikula viazi na sambaza. Aliniuliza kama nina watoto, nikamweleza kuhusu kijana wangu. Aliniuliza kama nina mume, nikamweleza hilo pia. Hakusema pole. Alisema, "Nyumba inakuwaka kimya sana," na mimi nikasema ndiyo, inakuwa kimya.

Niliiandikia ile shule ya bweni kupitia mwalimu mkuu wetu, nikajitolea kwenda kuwatengenezea utepe kama wao watanunua mbao. Walijibu kwa shukrani nyingi, wakasema watazingatia katika mipango yao. Bado wanazingatia. Mwalimu mkuu ananiambia nisikate tamaa, kwamba wakubwa wanachelewaka.

Siku hizi Alhamisi huwa nakwenda Rubona. Hatujawa marafiki wakubwa, mimi na yule bibi. Kiswahili chake na changu vinakwaruzana, yeye ana mambo ya Kongo nisiyoyajua na mimi nina ya Karagwe asiyoyajali. Mtoto akipiga simu nikiwa pale, bibi ananiwekea sauti nisikie, na sauti ile ndogo inaniuliza kama bado naongea kama radio. Siku asipopiga, tunamenya, tunakula, tunasikiliza watu wakishusha mizigo bandarini. Ikikaribia saa kumi na moja naaga, kwa sababu baada ya hapo magari ya kwenda mjini yanajaa wafanyakazi wa kiwandani na mtu wa umri wangu hapati kiti.